Kikombe cha Kwanza cha Moshi

Jumatatu, tarehe kumi na nane, mwezi wa kumi na moja. Mvua imeanza alfajiri na upepo wa upande wa ziwa, imekatika saa nne. Baada ya hapo jua kali, matope kila mahali.

Hayo ndiyo maneno ya juu kwenye ukurasa ule wa daftari langu. Mwaka sikuuandika. Labda nilidhani kila atakayesoma ataujua. Ni mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijijini, wakati duka la ushirika lina chumvi na viberiti na halina sukari. Shuleni niliishia darasa la pili, kuandika nimejifunza ukubwani kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo kama nimekosea mahali si kwa kutaka.

Mimi nilikuwa mpishi wa moshi. Wengine wanaita gongo. Serikali ilikataza, na ilikuwa na haki kukataza, nasema hivyo hata mimi niliyekula kwa kazi hiyo. Nilikuwa mjane, nakaa kwa kaka yangu mkubwa, na kupika moshi ndiyo kazi niliyoijua vizuri. Au nilidhani naijua.

Watu hawanywi moshi kwa namna moja. Hilo niseme, maana siku hizi wanasimulia kana kwamba wote walikuwa wanalewa tu na kuanguka mitaroni. Mpima pamba aliyekuja kila msimu kutoka Kasoli alizoea konyagi ya chupa, na chupa zilipoadimika alikuja kwangu na ndimu yake mfukoni. Anakamulia matone mawili, anafumba macho, anasema, "Sasa koo limedanganyika, mama." Mwalimu wetu alitaka nimchanganyie na chai ya rangi iliyopoa, kwenye kikombe cha bati, anywe polepole huku anasahihisha madaftari. Ukimpita njiani unasema mwalimu anakunywa chai. Wachunga ng'ombe walitanguliza maziwa, eti tumbo liwe na sakafu. Akina mama walikunywa nyuma ya jiko, kidogo, ndani ya togwa, na kila mmoja alikuwa na ugonjwa wa kusingizia: huyu kiuno, yule baridi ya uzazi. Sikuwacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa na jino.

Kaka yangu alikunywa amesimama. Anatoka shambani, ananawa, anavua kofia, anasimama mlangoni mwa jiko na bilauri yake ndogo yenye ufa. Anameza nusu. Anaweka punje ya chumvi kwenye ulimi, anangoja. Halafu anameza iliyobaki.

"Kaa basi, kaka."

"Kitu cha moto hakipokelewi umekaa, mayu. Kikikukuta umekaa kinakulaza."

Mayu kwetu ni mama, na yeye aliniita hivyo tangu nikiwa mtoto kwa kuwa nina jina la mama yetu. Bilauri moja kila jioni, haikuzidi. Kuna watu baadaye walisema alikuwa mlevi. Haikuwa hivyo.

Sasa hapa ndipo pagumu kuandika.

Kazi hii alinifundisha mama mkwe wangu, kabla hatujahamishwa, kule kwenye maboma yetu ya zamani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Anachachua unga wa muhogo na kimea cha ulezi kwenye mitungi, anapika, mvuke unapita kwenye bomba linalolala ndani ya maji, na moshi unaanza kudondoka. Kile kikombe cha kwanza hakumpa mtu. Alikichukua mwenyewe, akaenda nacho kwenye ua wa minyaa, akakimwaga chini huku anataja majina ya wazee wake waliokufa. Kila mara. Sikumuuliza sababu, mkwe haulizwi. Na sababu si ilikuwa inaonekana? Alikuwa anawapa mizimu.

Nami nilifanya hivyo hivyo miaka yote, mpaka nilipobatizwa. Katekista alituambia tuache matambiko, tusiwamwagie wafu pombe wala unga. Simlaumu, hakujua kwamba napika, na mimi sikumwambia. Nilirudi nyumbani nikawaza juu ya kile kikombe. Kukimwaga ni dhambi. Na tena ndicho kikali kuliko vyote, ukikitia kwenye kifuniko na kukiwashia kiberiti kinawaka bluu bila kusita. Nikaona ni heri kumpa aliye hai. Nikampa kaka, kwa kuwa ndiye mwenye mji, ndiye aliyenipokea na mizigo yangu wakati wengine walinitazama tu. Ilikuwa heshima. Alijua ni heshima, na siku ya kwanza alinishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," akavua kofia. Kuvua kofia kulianzia hapo.

Akaenda hivyo mwaka mzima na zaidi, hakuna kilichomdhuru. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na mtu anaweza kulitumia kunitetea, ingawa mimi silitumii. Mwezi ule wa kumi na moja sukari ya kuongezea haikuwepo kabisa na muhogo ulikuwa kidogo, nikajazia mapapai yaliyoiva kupita kiasi. Nilipika moshi mwingi kuliko kawaida. Kikombe cha kwanza nilikijaza, nikampa kaka.

Kesho yake alishinda na kichwa kinachouma, akatapika. Kesho kutwa yake alitoka asubuhi kufungulia ng'ombe, akasimama katikati ya zizi.

"Mbona leo kuna ukungu?"

Hakukuwa na ukungu.

Wifi yangu, mke wake, alimwongoza kwa mkono mpaka zahanati. Nami nilifuata nyuma. Mganga wa zahanati akamuuliza, "Umekunywa nini, mzee, na umekunywa wapi?"

Nilifungua mdomo. Kaka alinitangulia. "Malampaka, stesheni. Nilikwenda kuchukua jembe la plau, nikanywa kwa mtu nisiyemjua."

Ni kweli wiki ile alikwenda Malampaka. Lakini Malampaka hakunywa kitu, aliniambia mwenyewe kwamba alinunua mkate akala njiani. Alisema vile kwa kuwa balozi wa nyumba kumi alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi na mtoto wake mwenye malaria, na mpishi wa moshi akikamatwa anapelekwa Bariadi kufungwa. Alinifunika. Na mimi nikakaa kimya ndani ya lile funiko. Nikasema moyoni, akipona nitaungama kwa padri, yatakwisha.

Wakampandisha lori la pamba mpaka hospitali Maswa. Alirudi baada ya siku tano na dawa ya matone na barua. Macho yalikuwa mazuri kuyatazama, meupe, safi. Hayakuona.

Basi ile Jumatatu mvua iliponyesha, kila mtu akakimbilia shambani, maana mvua ya kwanza haimsubiri mgonjwa. Wifi alishika plau. Kaka alikataa kubaki nyumbani. Alitembea nyuma yake kwenye mfuo, pekupeku, anaupapasa kwa nyayo.

"Umepinda hapa," akamwambia.

"Umepinda kwa sababu ng'ombe wako hawana adabu. Wamelelewa na nani?"

Akacheka, na wifi akacheka. Mimi nilikuwa napanda nyuma yao, na sikuweza kuendelea. Niliwaza, labda kuna dawa ambayo hawakumpa kwa sababu hawakujua amekunywa nini hasa. Nikaacha mbegu kwenye kibuyu, nikaenda zahanati na matope yangu miguuni. Njia nzima niliogopa, na sijui niliogopa nini zaidi, kufungwa au kujibiwa.

Mganga alikuwa peke yake. Nilimwambia yote: moshi ni wangu, mapapai, kikombe kilichojaa. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

"Alikunywa ipi? Ya kwanza kudondoka?"

"Ya kwanza. Ndiyo ya heshima."

Akaweka kalamu chini. "Mama, ile ya kwanza inamwagwa. Wapishi wote wa zamani wanaimwaga. Sumu nyingi inatangulia pale."

Nilimwona mama mkwe ameinama kwenye minyaa.

"Na kama ningesema siku ile ile? Mbele ya balozi?"

"Siku ile ile kuna kitu hospitali wanaweza kujaribu. Wakati mwingine kinasaidia. Sijui, mama. Labda kwake kisingesaidia."

Hilo "labda" ndilo ninaloishi nalo. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, siwezi kumuuliza kama alijua. Pengine aliwapa wafu tu kama nilivyodhani, na waliomfundisha ndio walijua. Pengine hata wao hawakujua, walirithi mkono wa kumwaga tu. Mimi ndiye niliyeukata ule mkono na kujiona mwenye akili.

Kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi. Mwanamke mmoja wa jumuiya yetu, mjane kama mimi, nilikuwa nimemfundisha kupika. Na nilimfundisha asimwage. Nilipita kwake moja kwa moja kutoka zahanati. Alikuwa analima nyuma ya nyumba.

"Dada, kile kikombe cha kwanza, kimwage."

Akasimamisha jembe, akanitazama kwa kando. "Nimwage wapi?"

"Chini. Popote."

"Ahaa! Si ni wewe uliyeniambia ni ushetani? Umerudi kwa mizimu, dada? Kaka kaugua, umekwenda kwa mfumu akupigie ramli, umeambiwa wazee wamekukasirikia!" Akacheka kweli, wala hakuwa na ubaya.

"Ni sumu. Mganga kasema."

"Mganga gani? Wa hirizi?"

"Wa zahanati!"

"Mbona baba mkwe wangu anakinywa kila Jumamosi na anatunga uzi kwenye sindano?"

Ilikuwa kweli. Baba mkwe wake alikuwa anaona vizuri. Nilimwomba tena, nikapiga magoti kwenye matope yake. Akaniinua, akasema, "Haya, haya, nitamwaga." Sauti yake ilikuwa ya kumtuliza mtu aliyechanganyikiwa. Sijui kama alimwaga. Nilivunja vyombo vyangu siku ile ile, bomba nililipondaponda kwa jiwe, lakini vya kwake sikuweza kuvivunja.

Niliporudi, kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia: nilichomwambia mganga, alichosema mganga, ya kwamba kikombe cha heshima ndicho kilichomla macho, na ya kwamba kama asingenifunika, na mimi nisingekaa kimya, labda.

Alinyoosha mkono akaupapasa ukuta wa jiko.

"Kwa hiyo wale wazee walikuwa wanapewa sumu miaka yote," akasema. "Ndiyo maana hawakutusaidia kitu." Halafu uso ukamharibika, akageukia ukutani. "Ungeniacha nisijue, mayu. Ya Malampaka ilikuwa nyepesi kubeba."

Mimi nilidhani kusema kweli ni haki yake. Sijui. Mpaka leo sijui kama nilimpa haki yake au nilimtwisha mzigo wangu.

Hakuniita mayu tena baada ya siku ile. Aliniita kwa jina langu la ubatizo, kwa upole, kama watu wengine.

Jioni tulikula ugali wa mtama na majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa karanga. Wifi alitaka kummegea, akakataa. Alichovya tonge nje ya bakuli mara mbili, mara ya tatu akapata.