Muonjaji wa Shangazi

Watu wakisikia kwamba niliwahi kupandishwa kizimbani kwa ulevi nikiwa kidato cha tatu, wananikodolea macho wakitafuta dalili. Basi ngoja niseme mapema: sikuwa mlevi. Nilikuwa kazini.

Shangazi yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa akipika pombe ya mtama uani kwake Nyakato. Mume wake alipunguzwa kiwandani miaka ile ya mashirika kuuzwa, akarudi kwao Magu kulima mpunga, na ada yangu ikawa inatoka kwenye pipa la pombe. Leseni alikuwa nayo, kaibandika mlangoni. Tatizo ni kwamba mwaka huohuo shangazi aliokoka. Akaacha hereni, akaacha umbeya kiasi, akaapa kwamba pombe haitagusa tena mdomo wake. Kuipika hakuacha. Alisema Bwana anajua watoto hawasomi kwa maombi peke yake.

Sasa, kwetu huwezi kumpa mtu pombe hivihivi. Wa nyumbani anaonja kwanza, mgeni akimwona kwa macho yake, ndipo kata ya pombe inapita. Asipoonja, watu wanaanza kujiuliza umeweka nini humo. Wale wateja wa viwandani walimheshimu sana shangazi, ila uhai wao waliuheshimu zaidi. Wakagoma kunywa. Shangazi akanitazama. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa sijaokoka.

Kwa hiyo kila kundi likiingia naitwa, napiga magoti, napiga funda moja, nawakaribisha, narudi kwenye jiografia yangu. Siku za kawaida haikuwa na neno. Lakini Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi walimiminika uani utadhani kuna sikukuu, na kila kundi lilitaka kuona lenyewe. Hakuna aliyekubali ushahidi wa kundi lililotangulia. Ilipofika saa nane mchana nikafungua ramani, nikaona Ziwa Viktoria limehamia Dodoma. Sikushangaa hata kidogo. Hapo ndipo shangazi, ambaye kwa msongamano ule hakuwa na habari na hali yangu, aliponituma chumvi dukani kwa Mhindi.

Nje ya duka alikuwa amesimama askari. Mimi nilikuwa mtoto mwenye adabu, na adabu ndiyo iliyoniponza. Msichana wa Kisukuma aliyelelewa na shangazi yangu hamwamkii mtu mzima akiwa wima. Nikapiga magoti palepale barabarani, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba. Mpaka hapo mambo safi. Kusimama sasa, ikawa kasheshe. Nilijaribu, miguu ikakataa. Nikaona si vizuri kukaa pale bila kusema kitu, nikamwamkia tena. Akaitikia tena, huku anaangalia pembeni kama kuna mtu anayetuona. Watu walikuwa tayari wameanza kukusanyika. Nikaamua nitafute pa kushika ili niinuke, na kilichokuwa karibu ni suruali ya serikali. Niliishika kwa nia njema kabisa. Mkanda ndio ulioniangusha.

Shtaka lilisomwa mahakama ya mwanzo: kulewa hadharani, na kumvuta askari suruali akiwa kazini. Watu wakacheka mpaka karani akagonga meza. Askari mwenyewe, akiulizwa, alikiri kwamba nilimwamkia vizuri kuliko watoto wake. Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Mkuu wa shule alishaniambia kwamba nikitiwa hatiani nisirudi, hata daftari nitume mtu akanichukulie. Nilitaka shule kuliko kitu chochote duniani, na niliiona inaondoka hivihivi.

Hakimu akamgeukia shangazi. Akamwambia kumpa pombe mtu wa chini ya miaka kumi na minane ni kosa, na leseni inaweza kufutwa. Shangazi akajibu kwamba hakunipa pombe, alinipa kazi. Akaulizwa kwa nini asionje mwenyewe. Akasema ameokoka. Mchungaji wake, aliyekuja kumtia moyo, akaitikia amina kutoka benchi la nyuma. Mmoja wa wazee wa baraza, wale wanaokaa na hakimu kumshauri, akaanza kueleza desturi ya kuonja, na namna pombe ile inavyopanda taratibu kisha kwa ghafla, akaeleza vizuri mno, mpaka hakimu akamuuliza amejulia wapi. Mzee akatazama dari.

Hakimu akavua miwani. Alisema sheria haijui funda la kuonja wala funda la kunywa. Ila angenipa onyo, aniache bila hatia, kwa sharti moja: nisisogee tena karibu na pipa, na anayeonja awe mtu mzima wa nyumba ile. Vinginevyo kesi yangu inaendelea, na ya shangazi inafunguliwa. Akauliza ni nani huyo mtu mzima.

Nyumba ile ilikuwa na mtu mzima mmoja tu. Shangazi akageuka kumtazama mchungaji, kisha akanitazama mimi. Nilishindwa kumwangalia.

"Nitaonja mwenyewe," akasema. "Mungu atanielewa, Mheshimiwa. Mkuu wa shule hataelewa."

Mchungaji naye hakuelewa. Jumapili iliyofuata alimtoa shangazi kwenye kwaya mbele ya kanisa zima, akamwambia akakae benchi la mwisho. Nilipandwa na hasira, nikamnong'oneza tuondoke. Akanifinya paja. Kwaya ilipoanza, shangazi akasimama hukohuko nyuma akaimba, tena kwa sauti kubwa hivi kwamba wanakwaya walipotea, wakageuka wote kumtazama, na mwisho ikabidi wamfuate yeye.

Kesho yake nikaenda shule.