Amina ya Mzee Kuria

Onyango wa Bredäng, kitongoji cha Stockholm, alikuwa mwindaji wa miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote alikuwa amempiga njiwa mmoja tu, tena wa plastiki. Njiwa huyo alikuwa mali ya Göran, mfanyakazi mwenzake katika ghala moja kule Jordbro, aliyemchomeka shambani kwenye mabua ya ngano ili njiwa wa kweli wadanganyike washuke. Wa kweli hawakushuka. Onyango aliona kitu cha kijivu kikitikisika kwa upepo, damu ikamchemka, akafyatua mara mbili. Göran aliokota kichwa cha plastiki, akakigeuza geuza, akasema kwa upole kwamba angalau shabaha ipo.

Habari hizo hazikufika Nyeri, Kenya, nyumbani kwa wakweze. Zilizofika Nyeri ni picha: Onyango amevaa koti la kijani lenye mifuko kumi na miwili, ameshika njiwa-mwitu watano kwa miguu, wanene, wenye baka jeupe shingoni, naye anatabasamu meno yote nje. Aliyewaangusha njiwa hao ni Göran. Lakini picha haisemi nani alifyatua, na Onyango hakuona sababu ya kuisemea.

Msimlaumu haraka. Miaka kumi na moja nyuma, siku ya kupanga mahari, mkwe wake Mzee Kuria, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, alimtazama kutoka viatuni mpaka utosini mbele ya wajomba wa pande zote mbili, akauliza, "Huyu kijana wa vitabu, siku maduka yakifungwa, atamlisha binti yangu nini kwa mkono wake mwenyewe?" Wajomba walicheka. Wanjira, bibi harusi mtarajiwa, alicheka pia, na bado anacheka akikumbuka. Onyango hakucheka. Alikuja Stockholm kusoma, masomo yakaisha, vitabu vikamfikisha kwenye usukani wa foklifti, na swali la mzee likabaki limemkwama kooni. Ndiyo maana Göran alipomweleza habari za uwindaji, aliurukia. Alifanya mtihani wa wawindaji kwa Kiswidi, akafeli, akaurudia, akapita. Akanunua bunduki, na kabati la chuma la kuifungia lililoipita friji kwa urefu.

Basi Oktoba hii Mzee Kuria akaja mwenyewe kwa wiki tatu. Hata hajavua kofia, alimkumbatia mjukuu wake Tiana, akageuka kwa mkwewe.

"Baba Tiana," alisema, "nimekuja kumwona huyu mtoto, na kuiona hiyo bunduki yako ikifanya kazi."

Onyango alisema, "Karibu sana, Baba," akalikimbilia sanduku lake.

Mvua ikanyesha wiki mbili na siku kadhaa mfululizo, na Onyango akaishukuru kimoyomoyo. Kila jioni mzee aliuliza, "Njiwa je?" na kila jioni Onyango alimjibu kitaalamu: vuli hii wanahama kwenda kusini, ila hawasafiri kwenye mawingu. Wamerundikana huko kaskazini wakingoja anga ifunguke na upepo uwape mgongo. Siku hiyo ikifika watapita kwa maelfu, asubuhi moja au mbili, na mwaka umekwisha. Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Tiana, aliyekuwa akichora mezani, alisema, "Men pappa!", yaani "Lakini baba!", kwa sauti ya mtoto anayejua jambo, na baba yake akampa biskuti upesi.

Ijumaa jioni, siku mbili kabla ya mzee kurudi Kenya, Göran alipiga simu. "Mawingu yanaondoka, barafu usiku, upepo wa kaskazini. Kesho ndiyo kesho."

Hapo hapakuwa tena pa kukwepea. Njiwa mmoja tu, Onyango alijiambia. Mmoja, aanguke mbele ya macho ya mzee, na lile swali la miaka kumi na moja lishuke kooni.

Alfajiri walikuwa shambani, kusini ya Jordbro, watu watatu pembeni mwa msitu wa misonobari. Njiwa wa plastiki walikwisha kupangwa, mmoja kichwa kimegandishwa kwa gundi. Umande ulikuwa umeganda juu ya mabua, na Mzee Kuria, ndani ya koti lake la suti, alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Mkwe mwema haoni hivyo akanyamaza. Onyango alivua lile koti la mifuko kumi na miwili, akamvika mzee, akabaki na sweta.

"Asante, mwanangu," alisema mzee, akatia mikono mifukoni. Akamtazama Onyango na sweta lake. Kisha akasema, "Basi tuombe."

Sasa, Mzee Kuria hakuwahi kuanza jambo bila maombi. Ng'ombe hakamuliwi, tairi halibadilishwi, chai haimiminwi, mpaka liwe limetangulia neno. Onyango aliikunja bunduki yake katikati, mtutu wazi bila risasi, kama sheria inavyotaka, akainamisha kichwa, akafumba macho. Göran, ambaye mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa harusi ya dada yake, aliona wenzake wameinama, akavua kofia, naye akainama.

Mzee alishukuru kwa safari ya ndege. Alishukuru kwa Wanjira, kwa Tiana, kwa uji wa hospitali anakofanya kazi Wanjira, ambao aliwahi kuuonja. Alimshukuru Mungu kwa Göran, kwa jina, na Göran aliposikia jina lake katikati ya lugha asiyoijua akazidi kuinama.

Hapo ndipo Onyango aliposikia mabawa.

Kwanza ulikuwa mvumo wa mbali, ukawa mkubwa, ukawa juu ya vichwa vyao. Alifungua jicho moja. Njiwa walikuwa wakimwagika juu ya misonobari, kundi baada ya kundi, wa kijivu, chini kiasi kwamba aliyaona mabaka meupe ya shingo. Wengine walizunguka, wakayaangalia mabua, wakawaangalia ndugu zao wa plastiki. Kipofu angempata mmoja. Jicho likamwangukia Göran: amefumba yake kabisa, maskini, kama mtoto anayesubiri zawadi. Kumtazama mkwewe hakuthubutu.

"Sema Amina," Onyango alimsihi moyoni. "Baba, tafadhali, sema Amina." Na mkono wake, polepole, ukaenda mfukoni mwa suruali kutafuta risasi.

Ukakuta glavu ya Tiana.

Jasho lilimtoka papo hapo, na baridi ile. Risasi zilikuwa katika koti. Koti lilikuwa mwilini mwa mkwe wake. Na mtu gani, aliyelelewa na mama yake, anatia mkono katika mfuko wa mkwe wake, tena akiwa katikati ya sala? Mzee akisema Amina sasa hivi, njiwa hawa hapa juu, bunduki hii hapa mkononi, na mwindaji mkuu wa Stockholm anasimama kuomba aazimwe risasi zake mwenyewe!

"Usiseme Amina," alisihi upya, kwa imani kubwa zaidi. "Baba, endelea. Usiache."

Na mzee akaendelea! Aliwaombea wauguzi wa zamu. Aliwaombea madereva wa mabasi, na wa treni za Fittja, zile zipitazo Bredäng, kwenda na kurudi. Aliwaombea watakaozoa theluji ambayo ilikuwa haijaanguka. Mabawa yalivuma, yakapungua, yakawa mbali. Ndipo aliposema Amina, na Göran akafumbua macho na kuangalia anga tupu na manyoya mawili yanayoshuka.

Saa nzima waliyokaa baadaye, Onyango aliomba ushuke ukungu, njiwa wasirudi, na ukungu ukaja. Göran akasema leo basi.

Nyumbani Bredäng, Wanjira alikuwa ameshapika kuku wa dukani, jambo linaloonyesha alivyomwamini mumewe. Mzee aliketi na koti bado mwilini, akampigia simu mkewe Nyeri, sauti ikijaa nyumba nzima. "Mama Wanjira, sikia! Ndege elfu juu ya kichwa chake, bunduki mkononi, na huyu kijana hakuinua uso mpaka nimemaliza maombi! Nilikosea juu yake. Waambie na wale wajomba."

Miaka kumi na moja Onyango alikuwa ameyangoja maneno hayo, na sasa kila moja lilimchoma. Tena kabati la chuma lilikuwa wazi chumbani, na sheria inataka risasi zilale humo, si kwenye koti la mgeni. Alimfuata mzee barazani.

"Baba, kuna jambo. Sikuwa..."

Mzee Kuria alitia mkono mfukoni, akautoa umejaa risasi, akazimimina katika viganja vya mkwewe. "Chukua. Zimenichoma paja tangu asubuhi."

"Ulijua?"

"Nilizishika kabla sijafumba macho. Nikakuangalia na sweta lako. Nikasema, huyu amenipa joto lake na risasi zake pamoja, na hajui. Na ndege ndio wale wanakuja." Alishusha sauti, kwa kuwa Wanjira alikuwa karibu na mlango. "Mtu aaibike mbele ya rafiki yake Mzungu kwa sababu ya kunivisha mimi? Unafikiri wale madereva wa treni niliwatoa wapi?"

Onyango aliinamia viganja vyake. Machozi yalimlenga, akajifanya anazihesabu risasi.

"Sasa niambie ukweli," mzee akasema. "Yule wa plastiki. Tiana anasema risasi tatu."

"Mbili, Baba."

"Mbili." Mzee alivua koti, akamrudishia, akampiga piga begani. "Basi hilo nyumbani sitalisema."