Beringi ya Nyuma Kushoto

Duka lile kubwa lilipofika Shinyanga tulilipokea kama tunavyopokea mvua, kwa kulalamika kwamba limechelewa. Liliuza mkate, magodoro, televisheni, na nyanya zilizopangwa kama wanafunzi mstarini. Nyanya sikununua hata moja, maana nyanya usiyoruhusiwa kuibonyeza ni picha. Baadaye wakajenga banda kubwa kwa nyuma, wakatangaza kwamba sasa wanatengeneza na magari. Mbele unanunua sabuni, nyuma unashusha injini. Ukimwaga oili kwao, unapewa beseni la plastiki bure. Nilimuuliza mlinzi kama ukishusha gia boksi unapewa kitanda. Hakucheka.

Mimi nauza mchele. Naupakia kwenye Noah yangu, naupeleka machimboni upande wa Geita, kwa hiyo gari likiugua ninayelala njaa ni mimi. Miaka mingi lilitibiwa na fundi mmoja wa mtaa wa Kambarage, chini ya kibanda cha bati nne. Pale mteja hakai pembeni. Unakalia ndoo ya rangi, gari linafunguliwa machoni pako, nati zinawekwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo unalishika wewe. Nilizihesabu zikitoka, nikazihesabu zikirudi. Hakuwahi kuniibia hata moja, na bado nilihesabu. Yeye hakununa. Alikuwa akisema mteja asiyehesabu humlemaza fundi.

Bei nayo ilikuwa na ibada yake. Anataja, nakata nusu, ananiuliza, "Mayu, unataka leo nyumbani tuchemshe bisibisi?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na akishaniita hivyo najua tumekaribia. Tuliishia palepale ambapo wote wawili tulipajua tangu mwanzo.

Halafu watu wakaanza kufuata mabeseni. Kibandani kukapoa. Siku moja akaniambia wale wa duka kubwa wamemwita kazini. Nikamsihi asiende, nikamwambia huko atakuwa spea kama spea nyingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mkewe ana ugonjwa wa moyo, kila mwezi yuko kliniki Kolandoto, na ajira ile inakuja na bima ya afya ya wote wawili. "Bati hizi hazina bima," akasema. Hilo sikuwa na bei ya kulikata.

Miezi ikapita. Nikitoka Ushirombo, gari likaanza kuvuma kwa nyuma, mvumo wa nyuki walio mbali. Nikalipeleka kwake, kule kwenye duka kubwa. Nilimkuta kavaa sare ya bluu na viatu vya chuma puani. "Karibu sana, mteja," akasema kwa sauti ya kufundishwa, lakini macho yakacheka. Kwao fundi haruhusiwi kumweleza mteja ubovu wa gari. Maelezo yanatoka kaunta. Wakanikalisha nyuma ya kioo, kwenye kiti laini, mbele ya televisheni iliyokuwa ikifundisha kupika keki. Kupitia kioo nikamwona anapiga jeki, mkono wa kulia anazungusha tairi, wa kushoto kashika springi kusikilizia mtetemo, kafumba macho. Nilijaribu kuhesabu nati nikiwa nimekaa pale. Hazikuonekana.

Akaja na karatasi ya kusaini. Akainama kama anayenionyesha mstari. "Mayu, ni beringi ya nyuma kushoto tu. Wakikutajia tairi, kataa. Lakini mimi sijasema."

"Hujasema," nikamjibu.

Kaunta alikaa kijana wa tai, mpole sana, anayenukia manukato. Akanisomea orodha: tairi nne mpya, shokapu nne. Na tairi wanauza wao, ziko rafu ya tatu baada ya biskuti. Beringi haikuwemo. Nikaanza kazi yangu. Nikakata nusu. Nikasimama kama ninayeondoka. Nikarudi. Nikaleta ada za watoto, nikaleta mvua iliyokosekana. Kijana akaniambia bei imo kwenye mfumo. Nimepatana na wauza ng'ombe, nimepatana na wanunuzi wa dhahabu wenye mizani yao wenyewe, lakini mfumo hauna uso wa kuuaibisha wala tumbo la kushikwa na njaa saa saba mchana.

Ufunguo wangu ulikuwa juu ya kaunta. Ningeuchukua, nikaenda kwa fundi yeyote wa mtaani, nikamwambia beringi, yakaisha. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi kuliko nati zote za maisha yangu, na jibu halibadiliki. Lakini kuondoka bila kushinda sikufundishwa.

"Mwanangu," nikasema, "hata fundi wenu anajua ni beringi."

Akaacha kuandika. "Fundi yupi, mama?"

Sikumtaja. Mungu shahidi, jina halikutoka. Nilitazama kioo tu. Na yeye akatazama nilikotazama.

Haikuchukua muda, orodha ikabaki na beringi peke yake, na punguzo juu. Nilidhani nimelichuma kwa ulimi wangu. Nikatoka na beseni la kijani chini ya kwapa. Fundi alikuwa akifuta mikono kwa tambara na hakuinua kichwa. Nikasema moyoni, sheria zao hizo.

Niliporudi kumwaga oili, nikamkuta mwingine. Kijana wa tai akaniambia yule wa zamani hakuendana na utaratibu. Alilisema hilo huku akinitabasamia, kama mtu anayekushukuru kwa kumfichulia panya. Nikapita Kambarage. Kwenye zile bati nne panauzwa chipsi.

Mkewe nilikutana naye mlangoni pa duka la dawa. "Mama Mchele, Mungu kakuleta," akasema. "Wewe unajua kupatana. Ingia na mimi." Zamani, enzi za bima, alikuwa anasaini tu. Siku hiyo aliuliza vidonge vya siku kumi, kisha vya saba. Nikapatana kama sijawahi, jasho likanitoka. Muuzaji akashusha kiasi cha bei ya soda. "Wabeja, mayu," mwanamke yule akanishukuru, kanishika kwa mikono miwili.

Nikamuuliza habari za mumewe, maana kutouliza kungekuwa kusema. Yuko machimboni Geita, anatengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe. Analipwa dhahabu ikitoka.

"Kanituma," akasema. "Nikikuona nikuulize ile beringi inaendeleaje."

Nikauchunguza uso wake, hapa na pale. Hakujua kitu. Alikuwa amebeba swali tu, kama alivyopewa.

"Mwambie haivumi," nikasema.

Na ni kweli. Kila wiki nikiipita Ushirombo nazima redio, nasikiliza, na nyuma kumetulia kabisa. Makarasha yako kilomita nne kutoka ninaposhusha magunia. Bado sijafika.