Miguu ya Mama Pasi

Fundi hajawahi kushindwa na kitambaa. Mletee suruali iliyochanika makalioni, atachokonoa upindo, atapata kipande cha rangi ileile, nawe utakitafuta kiraka usikione. Kwa miaka ishirini na miwili ameshona sare za shule, na miaka yote hiyo mkewe amesimama ubavuni mwake akipiga pasi, hata wateja wakamwita Mama Pasi, jina lake la kuzaliwa wakalisahau.

Kusimama huko kulimvimbisha mishipa ya miguuni. Ilichomoza kwenye vigimbi, minene, ya bluu. Yeye haikumuuma sana. Aliyemkera ni Fundi, ambaye mdomo wake hauna breki. "Bibie, miguu hiyo ni ramani ya mito," alimtania mbele za watu, wakacheka. Mama Pasi akaanza kuvaa magauni marefu. Fundi hakutulia mpaka alipompeleka kliniki, mishipa ikachomolewa miguu yote miwili. Akajisifu mtaa mzima kwamba mkewe amerudi kuwa kigoli.

Miaka sita baadaye kifua kikaanza kumbana Mama Pasi kila akinyanyua pasi. Sasa alikuwa amelazwa wodini, na daktari wa upasuaji alikuja kuwaeleza.

"Mama, mishipa mitatu ya moyo imeziba," alisema. "Tungeweza kupitisha waya mkononi, tukatanua kwa puto na kuacha kibomba kidogo ndani. Lakini yako imeziba sehemu ndefu, tena una kisukari. Afadhali tufungue kifua. Tunachukua mshipa wa mguuni, tunaushonea kwenye moyo, damu inapita pembeni ya palipoziba."

Fundi alielewa upesi. Kutoa kwenye upindo, kutia kiraka! Si ndiyo kazi yake? Kwa mara ya kwanza wiki ile alishusha pumzi.

Daktari akafunua shuka. Akapitisha kidole kwenye makovu madogo madogo, kuanzia kifundo hadi pajani, kisha akahamia mguu wa pili.

"Mishipa ya hapa ilitolewa? Kwa nini?"

"Ilikuwa inanitia aibu, daktari," Mama Pasi akajibu. "Nilitaka mwenyewe."

Fundi, msemaji wa mtaa, akayakodolea macho makovu yale.

"Basi miguuni hakuna cha kuchukua. Mshipa wa kifuani utatosha kwa mshipa mmoja tu wa moyo," daktari akasema. "Ya mikononi nimeipima, haifai. Hiyo miwili mingine ya moyo tutaitegemeza kwa dawa. Itavumilia kwa muda gani, siwezi kukuahidi."

"Chukua yangu!" Fundi alikuwa ameshaanza kukunja suruali. "Mimi nashinda nimekaa, daktari. Mishipa yangu mizima kabisa."

"Mzee wangu, mwili wake utaikataa. Ingewezekana hivyo, kazi yetu ingekuwa rahisi."

Daktari akaenda zake. Fundi akabaki amesimama, suruali imefika magotini, kama mtu anayetaka kuvuka dimbwi. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, na kujichukia huko hakukumsaidia mkewe chochote.

"Kwa nini hukumwambia ni mimi?" aliuliza.

Mama Pasi alimtazama bila kinyongo, na hapo ndipo alipommaliza kabisa.

"Ningemwambia, mume wangu, mishipa ingerudi?"