Keria Isiyolingana na Pikipiki

Keria ile nilipewa katika duka la ushirika la Katesh. Nilikuwa bwana afya kijana, nimehamishiwa Hanang kutoka Tanga, na pikipiki ya serikali niliyokabidhiwa haikuwa na mahali pa kufunga sanduku la chanjo. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vipya, watoto walikuwa wengi, na sanduku nililibeba mgongoni.

Nyumbani nikagundua kwamba matundu ya keria yamepishana na ya pikipiki kwa upana wa kidole. Ningeirudisha, lakini niliogopa. Siku hizo ukipata kitu ulishukuru. Mlalamikaji aliweza kuulizwa anamlalamikia nani. Nikachukua nyundo na msumari mnene, nikayapanua matundu, kisha nikakaza kwa waya.

Kesho yake, kwenye mteremko wa kuelekea Balangdalalu, waya ukakatika. Keria ikashukia tairi, gurudumu la nyuma likakwama, nikaanguka na pikipiki juu ya mguu wangu. Sanduku lilikuwa zima. Keria ilikuwa imepinda, na matundu yangu yalionekana wazi.

Mali ya umma! Mkuu wangu alikuwa ameyarudia maneno hayo mara tatu siku aliyonipa ufunguo. Nilichanja watoto huku nikichechemea, nikifikiri nitafungwa kwa hujuma. Sikujua pa kwenda, isipokuwa kule dukani.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaigeuza keria mikononi. "Nani ametoboa hivi?"

Ningeweza kusema niliikuta hivyo. "Ni mimi, mama."

Alitoka nje, akachuchumaa kando ya pikipiki, akapima kwa kamba, kisha akapima keria. Mimi nilisimama nyuma yake nikisubiri atamke neno polisi.

"Hii ni ya pikipiki kubwa kuliko yako," akasema. "Kosa ni letu, tulikupa bila kupima. Mbona hukurudi jana?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?"

Nikatazama chini, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nyingine haikuwepo. Basi akafunga duka, akanipeleka kwa mzee mmoja aliyetengeneza plau nyuma ya soko. Yule mzee akaitia keria motoni, akainyoosha, akaiongezea vyuma viwili vya kushikia, akaikaza kwa nati. Nilipotaka kuijaribu kwa kufunga jiwe, mama akakataa.

"Jiwe haliwezi kupiga kelele likianza kuteleza," akasema. Akafunga kanga vizuri, akaketi upande juu ya keria. "Endesha, ndugu."

Hapo niliogopa kuliko nilipoanguka. Nilishika barabara ya Singida polepole, masikio yote yakiwa nyuma. Kila shimo nilisikia chuma kikilia, au nilidhani nimesikia. Yeye hakusema neno, ila alilishika shati langu kwa nguvu hadi kola ikanibana. Tuligeuza kwenye nyumba za mwisho, tukarudi.

Akashuka, akaliachia shati langu.

"Na mimi niliogopa," akasema, akiirekebisha miwani. "Lakini imekaa. Ikilegea hata kidogo, uje. Usitoboe tena."

Wiki nzima, kwenye kila mteremko, niliendesha mkono mmoja ukiwa nyuma, juu ya sanduku.