Riwaya ya Dereva wa Treni na Macho ya Mume Wangu

Nimepiga hesabu mara mbili na jibu ni lile lile: riwaya moja ya Kimarekani imetugharimu jicho la kushoto la mume wangu.

Niliinunua mwenyewe, kwenye vitabu vinavyotandazwa kando ya barabara kule Marshalltown, katikati ya jiji letu. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika, basi nikamshusha muuzaji bei mpaka akaniuliza kama nataka na viatu vyake. Mume wangu ni fundi cherehani hapa mtaani kwetu Rosettenville, na oda zikizidi mimi humsomea huku nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, ili kazi isimchoshe.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya dereva wa treni. Theluji, homa, mbavu zimevunjika, yeye yumo tu kwenye treni yake. Hakosi zamu. Waandishi wa Kimarekani wanampenda sana mtu wa namna hiyo: kazi inamla, wao wanapiga makofi. Mimi nilirudi nyuma nikahesabu mashati yake. Kabadilisha saba, na aliyeyafua hatajwi. Nikahesabu tena. Bado hatajwi.

Mume wangu akaishika hadithi ile kama dini. Kliniki ilikuwa imemwambia ana presha ya macho, arudi apimwe na kupewa dawa. Siku ya miadi ikamkuta na sare za harusi mezani.

"Yule dereva angeshuka?" akaniuliza.

Basi naye hakushuka kwenye cherehani. Miadi ya pili, vivyo hivyo. Jicho la kushoto likazimika, na daktari akasema halirudi tena.

Kwa hasira nikatafuta nakala nzima. Kumbe mwishoni dereva anastaafu, mikono inatetemeka, nyumba tupu, kazini hakuna anayemkumbuka. Nikamsomea mume wangu polepole, neno kwa neno.

"Eish, mama," akasema, "kitabu changu kiliishia pazuri."

"Chako kilichanika!"

"Ndiyo. Kilichanikia pazuri."

Nilicheka, Mungu anisamehe, lakini hasira haikutoka. Wanaotunga mashujaa hao wakimaliza wanafunga kitabu. Mimi nimebaki na shujaa wangu nyumbani, anapapasa uzi mezani.

Alhamisi ni miadi ya jicho lililobaki. Ijumaa kwaya inataka majoho yake. Ameyakata yote, hajashona hata moja. Nimeshamficha sindano, kumbe anazo nyingine mfukoni. Nyinyi mlioolewa na watu wa kazi, hebu niambieni: mtu kama huyu anaondolewaje kwenye cherehani Alhamisi asubuhi?