Gari la Daktari Urbano Lenye Usukani Nyuma

Daktari Urbano aliendesha gari kwa miaka ishirini na saba mahali pasipo na barabara. Nasema hivyo bila utani, nilikuwa naye. Mimi ni muuguzi, naitwa Elinipendo, na mwaka nilioletwa zahanati ya Salale, kwenye mikoko mto unapoingia baharini, nilimkuta yeye ndiye mganga wa pale, Mmatengo kutoka Mbinga, mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi. Boti yetu ya chanjo ilikuwa ikikwama kwenye tope kila maji yalipokupwa. Tunakaa saa tatu, saa nne, katikati ya mikoko, tukingoja maji yajae. Mimi nalalamika, nagombana na mbu, namlaani aliyenipangia kituo. Yeye anafumba macho, ananyoosha mikono, anashika usukani ambao haupo. Mguu unakanyaga klachi. Mkono wa kushoto unabadilisha gia. Midomo inanguruma polepole.

"Msimsemeshe," abiria waliambiana. "Daktari yuko barabarani."

Maradhi hayo aliyapata kwenye jarida. Mzungu mmoja wa kujitolea alilisahau pale zahanati, nalo lilijaa magari ambayo Wamarekani huyaita hotrodi: gari la zamani linakatwa paa, linashushwa chini, linatiwa injini kubwa isiyo yake, linachorwa ndimi za moto ubavuni, kisha linaachiwa likimbie. Urbano alilisoma mpaka kurasa zikalegea kama kitambaa cha jikoni. Mtu anaishi mahali ambapo hata baiskeli inasafiri kwa mtumbwi, halafu anaota mambo ya namna hiyo! Nilimwambia ana kichaa kidogo. Akanijibu kwamba kikubwa kingemzuia kufanya kazi.

Siku moja tulipeleka chanjo vijijini Dimani, na ndani ya shamba la mikorosho tukaona kuku wakitoka kwenye dirisha la gari. Lilikuwa Borgward, gari la Kijerumani la miaka ya hamsini. Sijawahi kuona jingine, na sidhani kama nitaona. Mwenye shamba alisema liliachwa na mfanyabiashara wa korosho, masika moja kivuko cha Ndundu kiliposimama kwa mafuriko. Tajiri akaondoka kwa miguu, asirudi. Urbano alizunguka lile gari mara tatu. Kisha akampa mwenye shamba mabati ya kujengea kuku banda, kwa sababu kwa haki kuku ndio waliokuwa wenye mali.

Mkewe, Mwalimu Consolatha, alipoliona linashushwa uani kwao Kibiti, alishika kiuno.

"Baba Honorata, hiki ni chuma chakavu au umeniletea mke mwenza?"

Lilikaa pale miaka mingi, likisubiri bwana wake astaafu. Alipostaafu akampata Michael, fundi magari wa Kibiti, kijana mwenye akili na mdomo. Wakakata paa. Wakalitia injini ya silinda sita iliyotolewa kwenye Mark II, na kwa kuwa injini ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake, wakaisogeza nyuma mpaka pua ya gari ikabaki ndefu ajabu. Ubavuni Michael alichora moto wa rangi ya manjano. Bomba la moshi lilitoka fupi, bila kizuizi chochote cha sauti, na siku injini ilipowaka mara ya kwanza mbuzi wa mtaa mzima walikata kamba. Urbano alikaa kwenye ndoo mbele ya gari na kusikiliza kama mtu aliye kanisani.

Kilichobaki kilikuwa sakafu na viti. Sakafu ilikuwa imeliwa yote na kutu, na Urbano hakutaka bati. Alitaka mbao. Akampigia simu Mwinyimvua, fundi wa mashua wa Salale, ambaye watoto wake watano wote walipokelewa na mikono ya Daktari. Mwinyimvua alikuja na mbao zake na msumeno, na kibuyu cha sifa, yaani yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata pa kulipia fadhila.

Lakini wakati huohuo mimi, niliyekuwa nikishinda pale kwao, nilikuwa nimeanza kuona jambo jingine. Nilimwona Urbano akimimina chai pembeni ya kikombe. Nilimwona akigonga bega kwenye fremu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. Siku moja nilisimama ubavuni pake, karibu kabisa, akauliza, "Elinipendo ameshaondoka?" Nikamfokea, maana ndivyo ninavyolia mimi, na kesho yake nikampandisha basi kwenda Dar es Salaam.

Ilikuwa presha ya macho. Bingwa alituambia waziwazi: kilichopotea hakirudi, matibabu na matone yatachelewesha tu kupotea kwa kilichobaki. Kwa sasa anaona mbele peke yake, kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Miezi sita, labda minane, kisha giza.

Tulikaa kwenye benchi la nje, yeye pamba machoni, mimi na makaratasi. Nikangoja alie. Hakulia.

"Nataka kitu kimoja," alisema. "Nivuke daraja la Ndundu kwa gari langu, niuone mto kwa juu. Miaka yote nimeishi chini kwenye tope lake, Elinipendo. Naujua kwa harufu. Sijawahi kuuona ukiwa mzima."

"Si umepita pale kwa basi mara mia?"

"Basi linakuonyesha mto kama mtu anayekuonyesha picha ya mwanawe na kuinyakua."

Tulikaa Dar wiki tatu. Katikati ya hizo wiki Mwinyimvua alipiga simu. Urbano alikuwa ametoka kutiwa dawa, machozi yanamchuruzika, simu kaishika juu chini.

"Daktari wangu, viti n'viweke vipi?"

"Mwinyimvua, fanya kama unavyofanya siku zote."

Jibu la mtu aliyechoka. Mimi mwenyewe nililisikia na sikulitilia maanani.

Tuliporudi, gari lilikuwa limefunikwa kwa turubai, na Mwinyimvua kavaa kanzu. Akalifunua. Sakafu ilikuwa safi, mbao zimeshikana, maungio yamezibwa kwa pamba na kupakwa sifa mpaka uani kote kunanuka papa. Mbele, mara tu baada ya injini, palikuwa na ubao wa abiria, mpana, mzuri. Na nyuma kabisa, juu ya ekseli, peke yake, palikuwa na kiti cha dereva, na usukani, na pedali zote.

Consolatha alimwonyesha mumewe kwa kidole.

"Huyu anakaa wapi?" aliuliza.

"Nahodha hukaa nyuma, Mama," Mwinyimvua alisema, naye anashangaa kuulizwa. "Akikaa mbele atawaonaje watu wake? Atajuaje chombo kimelalia upande gani? Magari ya watu wengine sina neno nayo. Hili la Daktari nimelifanya kwa adabu."

Nikamgeukia Michael. "Na wewe? Wewe si fundi magari?"

"Sista, mzee kaniambia Daktari kasema! Mimi nimbishie Daktari? Nimehangaika siku kumi kurefusha shafti ya usukani, nimevuta nyaya mpaka vidole vimeota sugu. Nikajua ndiyo staili yenyewe ya Wamarekani."

Nilifungua mdomo nimwage yote niliyokuwa nayo. Urbano akaniwekea mkono begani. Alipapasa ubavu wa gari mpaka nyuma, akapanda, akaketi, akashika usukani. Huu ulikuwepo. Mguu ulikanyaga klachi, mkono wa kushoto ukaishika gia.

"Tunafumua," Michael alisema. "Miezi miwili tu, Daktari, narudisha kila kitu mbele."

"Sina miezi miwili ya kuchezea," Urbano alisema. "Liache hivi."

Mwinyimvua hakujua habari ya macho. Alidhani amesifiwa, akafuta uso kwa mkono wa kanzu.

Tulichagua asubuhi ya Idi, wakati wa swala, maana saa hiyo barabara ya kusini inakuwa tupu hata ukitaka kuanika mpunga. Masharti yalikuwa yangu. Michael ataendesha kutoka Kibiti mpaka mwanzo wa daraja. Urbano atashika daraja tu. Mwendo wa bajaji, taa zinawaka. Kuanzia hapo mimi na Michael tutafuata kwa pikipiki yangu. Na Consolatha atakaa mbele na kumwongoza, kama yule mtu wa upondo, ule mti wa kupimia maji, anayesimama mbele ya boti na kumwonyesha nahodha penye kina. Kwa kuwa ngurumo ya ile injini haiachi neno lisikike, ataongoza kwa mkono. Mkono kulia, nenda kulia. Mkono kushoto, rudi kushoto. Kiganja chini, punguza. Consolatha alisema huu ni wendawazimu. Kisha akauliza tunaondoka alfajiri ya saa ngapi.

Mto ulikuwa umejaa. Sijawahi kuuona vile. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yameenea mpaka hujui ukingo uko wapi, visiwa vya majani vinaelea taratibu, ndege weupe wamepanda juu yake kama abiria, na ukungu unainuka kutoka mashamba ya mpunga. Borgward lile la moto wa manjano liliingia darajani likinguruma, na kwa nyuma niliona kichwa cha Urbano, kimenyooka, hakigeuki. Mbali mbele yake, peke yake kwenye ubao mpana, Consolatha ameinua mkono. Mkono ukienda kulia kidogo, gari linakwenda kulia kidogo. Ukishuka, gari linapunguza. Ilionekana kana kwamba analivuta kwa uzi. Lori moja tu lilikuja, na dereva wake alisahau hata kupiga honi. Nilisahau kugombana na mtu. Nilitamani daraja lisiishe.

Liliisha. Urbano aliegesha pembeni, vizuri kabisa, akazima. Kimya kikarudi, na katika kimya kile tulisikia maji.

Consolatha alishuka akamwendea nyuma, uso unang'aa.

"Umeuona, Baba Honorata? Umeuona mto?"

Urbano alikuwa bado ameshika usukani.

"Sikuuona," alisema. "Ningegeuza macho ningeupoteza mkono wako. Nimekuona wewe tu, tangu mwanzo wa daraja mpaka mwisho."

Niliangalia chini. Michael alijifanya anakagua tairi. Nilijua kwamba safari nyingine haitakuwepo, bomba litakuwa limeshaziba, na nilikasirika na mto, na daraja, na Mwinyimvua, na mimi mwenyewe niliyepanga yale masharti yote nisifikirie hili moja.

Consolatha alimfungua vidole kwenye usukani, kimoja kimoja.

"Shuka," alisema. "Twende kwa miguu."

Walirudi darajani wameshikana mikono, polepole, mpaka katikati. Akamsimamisha kwenye kingo za daraja, akasimama nyuma yake, akamshika kidevu kwa vidole viwili kama anavyoshikwa mtoto anayenyolewa. Akaanza kumgeuza kutoka kushoto, kidogo kidogo: miti iliyozama, akangoja, kisiwa cha majani, akangoja, ndege, maji matupu, mapana, akangoja sana hapo. Walipofika ukingo wa kulia, Urbano alimwomba aanze upya.